Nyenje wa Zuhura

Nyumba yangu ya Visiga nimeiezeka vigae. Majirani husema najidai kwa kuwa nimerudi kutoka Ulaya na diploma ya kufundisha muziki, nami siwakatalii. Diploma ile niliipata kwa jasho langu, sikubebwa na mtu. Lakini vigae si majidai. Siwezi tu kukaa chini ya bati mvua inapoanza. Likigonga tone la kwanza, nasikia harufu ya maganda ya korosho, na vidole vya mkono wa kulia vinajikunja kama vimeshika kijiti cha ngoma.

Harufu hiyo ni ya ghala lililokuwa kwenye njia ya kwenda Zegereni. Korosho zilishahamishwa, likabaki tupu, bati juu na bati ubavuni, bendi ya shule yetu ikaruhusiwa kufanyia mazoezi humo kila Jumamosi, maana watu walioishi karibu na shule walishachoka na kelele zetu. Tulikuwa watoto kumi na wanne, wengi wetu na ngoma ndogo za kuvaa kiunoni. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Pembeni yangu alisimama Zuhura, binti wa shangazi yangu wa Kisarawe, aliyeletwa kwetu kusoma. Tulilala kitanda kimoja na kuoga maji ya ndoo moja.

Mwalimu wetu, Mzee Kindoro, alikuwa amezeekea kwenye kazi ya bendi. Mtu nadhifu, suruali imenyooshwa kwa pasi mpaka unaogopa mkunjo wake utakukata. Ukimwamkia kwa nyuma hakuitikia, tukaamini ndio ukali wa watu wa gwaride. Neno lake lilikuwa moja: zaidi. Tulipiga mpaka misumari ya bati ikatetemeka, naye akainamisha kichwa kama anayesubiri mgeni aliyechelewa, kisha akasema zaidi.

Tukitoka pale dunia ilikuwa imefunikwa blanketi zito, na ndani ya blanketi nyenje walikuwa wanalia. Siku moja mtoto mmoja akamweleza. Mzee alicheka kwa furaha.

"Masikio yanalia? Basi ngoma imeingia. Ambaye hayamlii, bado mbichi huyo."

Tangu hapo tukashindana. Ambaye nyenje wake walilia mpaka Jumapili jioni alitembea kifua mbele.

Jumamosi moja niliamka sikio linaniuma. Mama akanidondoshea mafuta ya nazi ya uvuguvugu, akachomoa sufi kwenye mto, akaniziba masikio yote mawili. Nikaenda mazoezini hivyo hivyo, nimejifunga mtandio. Wasomaji wangu, siku hiyo niliisikia ngoma kuliko siku zote. Kila pigo lilikaa peke yake, safi, kama punje ya mchele kwenye ungo. Na jioni nyenje hawakuja. Kuanzia hapo nilichomoa sufi kila Jumamosi. Mto ukakonda, Mama akawalaumu panya.

Sikumwambia Zuhura. Mwanzoni niliogopa kuitwa mbichi. Siku moja tukirudi nyumbani aliniuliza.

"Saida, wako huwa wananyamaza saa ngapi?"

"Hata sasa wanalia," nikamwambia.

"Wangu hawanyamazi tena." Akacheka kidogo, akajipiga sikio kwa kiganja kama anayetoa maji ya mtoni.

Baadaye sababu ya kunyamaza kwangu ikabadilika. Zuhura alianza kupiga kwa nguvu kuliko sisi sote, Mzee akamweka mbele, peke yake, mahali nilipopataka mimi. Tulikuwa tumealikwa uwanjani Kisarawe kumpigia mgeni rasmi, na mama yake angekuwepo. Wiki ile nilimwita Zuhura mara tatu uani, amenipa mgongo, anaosha vyombo. Mara tatu hakugeuka. Nikajua. Nilijua pia kwamba gwaride lote husimama kwa kipenga cha Mzee. Mama alikuwa ndani, anachambua mchele. Hatua kumi tu ningemfikia. Sikwenda. Nilikaa nikingoja siku ifike.

Tuliingia uwanjani vizuri. Mbele ya jukwaa Mzee akapuliza kipenga, akawageukia wageni, akapiga saluti. Ngoma zote zikakatika, isipokuwa moja. Zuhura aliendelea, kidevu juu, magoti yanapanda na kushuka, anatabasamu, kwa kuwa aliamini tuko nyuma yake. Akalipita jukwaa. Kijana mmoja akasema betri ya huyo bado imejaa, uwanja ukaangua kicheko. Shangazi akachomoka kwenye umati, akamfuata.

"Zuhura, mwanangu, simama. Zuhura."

Alikuwa hatua tano nyuma yake. Mtoto hakugeuka, na kicheko kikaanza kufa chenyewe, upande mmoja mmoja.

Mzee alikuwa bado kwenye saluti, uso umetulia, na ngoma inakwenda zake nyuma ya mgongo wake. Siku ile nilidhani anaificha aibu. Nilikuja kuelewa nikiwa Ulaya, siku ya kwanza darasani, tulipogawiwa vizibo vya masikio kabla ya kushika ala yoyote, mwalimu akatuambia mwili ndio ala ya kwanza na hauna spea. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa namwona Mzee. Uwanja mzima watu wawili tu hawakuisikia ngoma ile: aliyeipiga, na aliyeifundisha. Alitudai zaidi kwa kuwa hakuna kingine kilichokuwa kinamfikia. Yeye hakujua anachotufanyia. Mimi nilijua, tena bila diploma.

Nafasi ya mbele nilipewa Jumamosi iliyofuata. Safari yangu yote ilianzia hapo.

Zuhura sasa anaishi Kisarawe, ana shamba na wajukuu wawili. Ukizungumza naye hukutazama midomo. Mwezi uliopita nilimtembelea, nikamkuta jikoni amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, amenipa mgongo. Nikakaa nyuma yake, nikamweleza yote, sufi, uani, kipenga, polepole, kwa sauti ya wazi niliyosomea kuitoa. Sikuacha kitu. Nilipomaliza aligeuka kuchukua bakuli, akanitazama.

"Umesema kitu?"

Nikamwambia nazi yake inanukia vizuri.