Ndege Iliyokunja Mabawa Boanamary

Walisema sitaweza. Walisema hivyo nilipopanda meli kwenda Dar es Salaam bila mjomba wa kunipokea bandarini, nami nikarudi na stashahada ya ufundi wa mitambo. Walisema hivyo nilipoomba kazi katika kiwanda cha sukari kule Nosy Be, na haukupita muda karakana nzima ikawa chini yangu. Kwa hiyo jirani yetu wa Mangarivotra, mtaa wetu wa Mahajanga hapa Madagaska, fundi saa, aliposema sitaweza kukunja mabawa ya ndege ya plastiki, sikukasirika. Nilimhurumia tu, maana hakujua anasema na nani.

Ndege hiyo niliipata Nosy Be. Mhandisi mmoja Mfaransa alikuwa anarudi kwao na anauza vyombo vyake vyote barazani. Chini ya masufuria palikuwa na boksi ambalo halijafunguliwa, ndani yake vipande vya plastiki ya kijivu vimeshikana kwenye vijiti vyao kama ndizi changa kwenye mkungu. Juu ya boksi palichorwa ndege fupi, nene, yenye pua ya mviringo, inapaa kutoka kwenye manowari. Ilikuwa ndege ya kivita ya wanamaji, ya wakati wa vita vikuu vya pili. Sikuwahi kuiona, lakini niliitambua palepale, kwa kuwa nililelewa nayo.

Aliyenilea ni bibi yangu mzaa mama. Sisi watu wenye asili ya Komoro humwita bibi Koko. Alikuwa msichana kijijini Boanamary Waingereza walipokuja kuiteka Madagaska wakati wa vita hivyo. Siku moja, alisema, ndege yao ilishuka kwenye tope gumu la mlango wa mto Betsiboka. Wazungu wachache wakaja kwa mashua, wakashika mabawa, wakayakunja nyuma kama bata anayelala, kisha wakaisukuma chini ya miti. Basi. Hiyo ndiyo hadithi yote, na ilimharibia jina maisha yake yote, maana hakuna aliyeiamini.

"Koko, leo ndege imekunja nini? Miguu?" walimtania arusini. Laiti mzaha ungeishia arusini. Katikati ya miaka ya sabini, Wakomoro wengi tulipoihama Mahajanga kwa hofu ya kuuawa, yeye alibaki, kwa kuwa mama yake alikuwa Msakalava, mwenyeji wa pale, na alijua pa kusimama. Akawatunzia majirani vyombo vyao. Waliporudi akawaambia hiki cha fulani, hiki cha fulani. Bado walikuwapo waliokonyezana: huyu si ndiye wa ndege? Neno lake halikuwa na uzito hata kwa sufuria aliyoilinda mwenyewe.

Ndiyo maana nililibeba boksi lile mpaka Mahajanga kama mtu aliyebeba hati ya ushindi. Nililifungua mbele ya watu waliokuja kunisalimu. Fundi saa akachukua kifuniko, akatazama picha, akakiinua ili wote waone.

"Jamani, mabawa haya yamekunjwa au yamenyooka?"

"Yamenyooka!"

"Basi hata walioiunda wanamkana Koko."

Walicheka mpaka mwingine akamwaga chai. Koko alikusanya vikombe akaenda jikoni, na zawadi yangu ikabaki mkekani ikimshuhudia vibaya.

"Nitaikunja," nikasema.

"Bwana Stashahada, ukiikunja itavunjika," fundi saa akajibu. "Na isipovunjika, utakuwa umetengeneza uongo mzuri. Hata mimi naweza kumpa paka mbawa."

Nakiri kwamba jibu lile lilikuwa zuri. Nilikaa na vile vipande, navigeuza juani, na hapo stashahada ikafanya kazi yake. Juu ya kila bawa palikuwa na mstari mwembamba kuliko unywele. Nikaenda dukani kwa fundi saa, nikamwomba kile kioo cha kukuzia ambacho mafundi saa hukibana jichoni. Kabla ya kukichukua, nikamtaka akitumie yeye kwanza kulitazama bawa.

"Mstari huu ni nini?" nikamuuliza.

"Mkwaruzo."

"Mabawa yote mawili, mahali palepale?"

"Basi, mshono wa bati."

"Mshono wa bati hufuata ubavu wa bawa. Huu umekatiza kila kitu, juu na chini, mpaka ukingoni. Mimi nimekata bati miaka, kaka. Hapa ndipo bawa la kweli lilipoachana ili likunjike."

Akakitoa jichoni. "Kichukue kioo," akasema. "Lakini bado hujaikunja."

Kilichofuata kilihitaji mikono yangu na mali za watu. Gundi ya ndani ya boksi ilikuwa imekauka kama jiwe. Mama mmoja anayepamba maharusi akanipa chupa yake ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Niliyeyusha ndani yake vijiti vilivyobaki, nikapata uji wa plastiki unaoshika kuliko gundi. Muuguzi akaniazima bomba la sindano la kutonea uji huo. Mshonaji wa mtaa wa pili akaniazima kikapu chake cha sindano na kibunda cha uzi mgumu. Uzi ndio uliokuwa msumeno wangu: nililibana bawa mezani, nikauvuta mbele na nyuma juu ya mstari ule taratibu, na plastiki ikaachana safi bila ufa. Nasema bila haya kwamba sijaona mtu mwingine aliyekata vile.

Kukunja ndiko kulikonitoa jasho. Bawa la kwanza nililitia bawaba ya waya. Lilianguka upande, likaning'inia kama la kuku aliyegongwa na gari. Nikaliondoa, nikaenda jikoni.

"Koko, bawa lilikwendaje?"

Kwanza alidhani namtania. Kisha akaweka mwiko chini, akanyoosha mkono wake wa kulia kwenda pembeni, kiganja kikitazama sakafu. Akaupindua mpaka kidole gumba kikaelekea chini, ndipo akaurudisha nyuma, kiganja kikalala ubavuni mwake. Aliufanya mwendo ule bila kusita, kama anayefunga mlango wa nyumba yake.

Nikaelewa: lilipinduka kwanza, kisha likarudi. Nilipasha moto sindano ya mshonaji, nikaipinda kufuata mkono wa Koko, na kila nilipokosea nilimwomba anyooshe tena. Mwisho bawa likazunguka, likalala. La pili likafuata. Nikapaka ndege rangi ya kijivu na ya bahari, masalio ya makopo ya mpaka rangi wa mashua.

Nilimwekea Koko ndege mkononi. Alikunja bawa moja, akalikunjua, akalikunja. "Wale Wazungu walikuwa wanatukana sana kwa kuwa tope la pale waliposhukia mashua lilikuwa linawanasa," akasema. Kumbe hadithi ilikuwa na mengine, ila hakuna aliyewahi kumwacha aifikishe huko.

Mimi najisifu, na nitaendelea kujisifu, kwa sababu nilichonacho nimekitafuta mwenyewe. Lakini ndege ile, ukiondoa ufundi wangu, haina kitu ambacho si cha mtu mwingine, na nawashukuru wote mpaka leo. Kwetu chombo cha kuazima hakirudi kitupu. Kwa hiyo nilichagua Ijumaa moja baada ya sala, nikafunga sukari ya Nosy Be katika vifurushi, nikanunua chupa mpya ya dawa ya kucha na sindano mpya. Koko akasema lazima aje. Tukapanda pusipusi, kile kigari cha kuvutwa na mtu, yeye ameipakata ndege.

Mpambaji alitaka kuikunja mwenyewe. Muuguzi akawaita wagonjwa waje waone. Mshonaji akaitafuta sindano yake ndani ya bawa, akaipata, akasema ibaki hapo hapo, maana mpya ameipata. Yule mpaka rangi alilalamika tu kwamba sikuchanganya vizuri.

Wa mwisho alikuwa fundi saa. Dukani mwake wazee wawili walikuwa wanabishana juu ya tanuri la mikate lililokuwapo mtaani zamani, kama lilikuwa la nani. Nilimrudishia kioo pamoja na sukari yake. Alikunja bawa moja, polepole, akalitazama kupitia kioo kilekile, kisha akaliachia. Akafuta kiti kwa kitambaa, akamsogezea Koko.

"Acheni kelele," akawaambia wale wazee. "Muulizeni Koko. Yeye alikuwapo."

Wakamgeukia. Koko akaketi, akanikabidhi ndege, akaanza kuwaambia.