Makaro Meupe Yaliyomfukuza Mama

Kosa ni langu, msinitafutie sababu. Fundi hana hatia. Mimi ndiye niliyemfukuza mama yangu mzazi, na nilimfukuza kwa sakafu.

Nyumba yetu iko Kamembe, kwenye mteremko, na chini ya sebule kuna chumba kilichochimbwa ubavuni mwa kilima. Miaka yote kilikuwa stoo. Baba alipofariki, nikasema mama hatabaki peke yake kisiwani Nkombo, nikamleta kwangu, chumba kile kiwe chake. Nikapiga plasta, nikapaka rangi, nikafungua dirisha upande wa ziwa. Ikabaki sakafu tu.

Fundi alisema chumba cha chini kina unyevu, niweke sima, yaani saruji tupu, au makaro ya kukwaruza, vigae visivyoteleza. Mama naye aliomba sima.

“Bamama benye banakuyaka kunisalimia beko na matope ku miguu,” aliniambia.

Nikamcheka. Eti wageni wake wana matope miguuni? Matope gani tena! Mimi navuka mpaka kwenda Bukavu kuuza vitenge, nimeona nyumba za watu. Nikanunua makaro meupe, yale yanayong'aa mpaka unaona uso wako. Kila aliyekuja kwangu nilimteremsha kwanza chini akaone chumba cha mama. Wakinisifu, navimba kichwa. Mama mwenyewe alikuwa anakaa kitandani, miguu juu, anaogopa kuchafua.

Hao bamama aliowasema ni wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kutoka Nkombo. Wakimaliza soko, kabla ya kurudi kwenye mtumbwi, walikuwa wanapitia kwa mama. Wanakaa chini, wananyoosha miguu, wanampa habari za nyumbani: nani kaolewa, nani mgonjwa, kaburi la baba limepaliliwa au bado. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya mama yangu, na mimi sikuiona!

Nilianza na viatu: vibaki nje. Halafu mabeseni yao ya samaki, kwa sababu ya harufu. Walitii yote, wakaendelea kuja.

Siku moja nikatoka mpakani nimechoka, mvua imenyesha. Nikawakuta watatu wameketi, na kwenye makaro yangu alama za nyayo, na magamba ya samaki. Sikusalimia. Nikachukua deki nikaanza kupangusa, huku wao wamekaa. Nikafika alipokaa rafiki wa mama, mwanamke aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Badala ya kunigombeza, aliinua miguu yake nipitishe deki.

Jamani, aliinua miguu! Na mimi nikapitisha!

Mama alitazama dirishani. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja tena. Mama akawa anashinda kwenye ngazi za nje, shali mabegani, anatazama mitumbwi. Nikamwambia aingie ndani, kuna baridi. Akawa anaitika tu, haingii.

Kisha nikarudi kutoka Bukavu nikakuta kitanda kimetandikwa vizuri, makaro yamepanguswa, na mama hayupo.

Nilimfuata Nkombo. Nikamkuta kwa yule rafiki yake, kwenye sakafu ya udongo, miguu ameinyoosha, anacheka. Tangu baba afe sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Aliponiona akaacha kucheka. Nikainama mlangoni kuvua viatu, niingie kwa heshima, nipige magoti niombe msamaha.

Mama akasema polepole, “Ingia na biatu. Hapa hatupangusaka nyuma ya muntu.”

Niliomba msamaha, yule mama akanipa chai. Lakini mama yangu hakurudi nami, na mpaka leo hajarudi. Akikohoa, nasikia kwa watu.

Wewe unayemalizia chumba cha mzazi wako, usichague sakafu kwa macho ya wageni wako. Muulize ni nani watakaokuja kumwona, kisha weka kile ambacho hao hawataogopa kukanyaga. Mimi makaro yangu bado ni meupe. Nashuka kuyapangusa kila Jumamosi, na hakuna hata alama moja ya unyayo.