Alama za Grisi

"Mjomba, mbona hunawi mikono kabla ya kupanda mwamba?" Aliyeuliza alikuwa binti wa miaka saba, na mjomba wake, fundi baiskeli, alimjibu kwa kicheko tu. Kila Jumapili alikuwa vile vile: alikaza breki, akajifunga kamba mgongoni, akapiga pedali kwenye mawe huku akipiga mluzi, na kila mara mnyororo ulichomoka pale pale, penye mwinuko wa mwisho. Aliurudisha kwa vidole, akavipangusa kwenye suruali, akaukwea mwamba vidole vikiwa bado vyeusi kwa grisi.

Mpwa alipofika kidato cha pili, mjomba alimchukua kwenda naye mwambani. Fundi alitangulia kileleni, akamshikia kamba kutoka juu. Katikati ya mwamba binti akasimama, akatazama chini.

"Mjomba, nashuka!"

"Shuka tu, uone baiskeli zitakavyokucheka!"

Binti akainua macho. Kila mahali pa kushika palikuwa na alama nyeusi ya dole gumba. Akaishika ya kwanza, ya pili, ya tatu, akafika juu akicheka kama mwehu, viganja vyeusi tii.

"Haya, sasa niambie. Mbona hunawi?"

"Ningenawa, mpwa wangu, leo ungefuata nini?"