Mgahawa Niliouchagua Mwenyewe Kule Napoli

Nasema mapema kabla hamjaisikia hadithi hii kwa Mama Brian, maana ameshaizungusha Parramatta yote hapa Sydney na sasa imefika kanisani kwetu Doonside: ndiyo, ni mimi, na ndiyo, nilimwambia mwenye nyumba asubiri nje ya nyumba yake mwenyewe. Aibu ninayo. Lakini ikisimuliwa basi nisimulie mimi, wengine wanatia chumvi (eti nilivua viatu, sikuvua viatu).

Mnanijua. Nilitoka Kongo nikafika Sydney na darasa la sita tu, leo nina malori matatu pale Minto, tunahamisha vyombo vya watu, na jina langu liko ubavuni kwa herufi zinazosomeka ukiwa barabara ya pili. Binti yangu Neema alipompata Brian, kijana wa Kikenya, wazazi wake watu wa ofisi na hospitali, wale wanaoongea polepole na kumaliza sentensi, watoto wakatulipia safari ya Italia sisi wazazi wanne, tujuane kabla ya kikao cha ndoa. Kwenye uwanja wa ndege mke wangu akaninong'oneza, "Papa Neema, hawa watu wanakupima. Wakikukataa wewe, wamemkataa mtoto."

Neema alikuwa ametutumia kwenye simu orodha ya migahawa ya kila mji, nafasi zimeshawekwa. Roma tuliifuata, tukala vizuri, ila Baba Brian ndiye aliyesoma menyu, ndiye aliyeongea na wahudumu, mimi nimekaa kama kabati linalosubiri kupakiwa. Napoli, Jumapili mchana, nikasema basi. Nikawaambia orodha ni ya watalii, mwanamume aliyetembea anafuata pua: palipo na mtu anakuita mlangoni usiingie, penye menyu ya picha usiingie, tafuta mama anayepika mwenyewe.

"Sawa, Baba Neema," akasema Baba Brian. "Wewe ndiye unajua." (Mkenya aliyesoma akikwambia hivyo, rudi hotelini.)

Sasa mniambie ninyi mliokulia Bukavu au Uvira: chakula kitamu kuliko vyote tulikila wapi? Si sebuleni kwa mama fulani, unaingia tu, unaketi, sahani inakuja, hakuna kibao wala menyu? Kwa hiyo tulipopita kichochoro kimoja chenye nguo zimeanikwa juu, nikaona mlango wazi, meza ndefu, sahani zimepangwa, bibi wa aproni anakoroga sufuria la nyanya na nyama, televisheni inaongea peke yake, nikajua nimefika. Nikaingia, nikawavutia kina mama viti, nikanawa mikono kwenye sinki lake. Bibi akasema maneno mengi, akainua mikono yote miwili.

"Anatukaribisha," nikawatafsiria.

Nikamwonyesha vidole vinne, kisha sufuria. Akatutazama mmoja mmoja, akafanya ishara ya msalaba, akapakua. Na chakula kilikuwa kitamu, siwadanganyi. Mama Brian akasema, "Aki hii ni tamu," na hapo ndipo kichwa kikanivimba, nikaomba chumvi, nikaomba apunguze televisheni, na alipotokea mwanamume na mkewe na watoto watatu wamevaa nguo za kanisani, wamesimama mlangoni midomo wazi, nikanyanyuka kama meneja, nikamshika bega, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha malori kwamba pamejaa, asubiri nje kidogo, tunakaribia kumaliza. Na akatoka. Nadhani ni mshtuko.

Baba Brian alikuwa amekwenda kutafuta choo nyuma ya pazia. Akarudi upesi, akaniinamia sikioni.

"Baba Neema, kuna mzee amelala huko."

"Ni mpishi. Anapumzika."

"Amevaa pajama."

"Wapishi wanachoka."

"Ukutani kuna picha ya harusi yake na huyu mama."

Nikaweka uma chini. Yule mwanamume alikuwa amerudi, na kwa Kiingereza kizuri kuliko changu akasema taratibu, "Bwana, huyu ni mama yangu. Hii ni nyumba yetu. Ninyi ni nani?"

Mke wangu aliinamia sahani yake kana kwamba imeandikwa kitu. Nami, badala ya kuomba radhi, nikatoa noti mfukoni, na bibi alipoziona ndipo akakasirika kweli, akanipiga mkono kwa mwiko (mwiko wa nyanya, na mimi nina shati jeupe). Baba Brian akasimama, akafunga kifungo cha koti, akawaambia, "Mtusamehe sana. Huyu ni mkwe wangu. Ndivyo alivyo."

Tukatoka kinyumenyume. Kichochoroni Mama Brian akashika ukuta akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya watu, mke wangu naye akafuata.

"Umesema mkwe?" nikamwuliza Baba Brian.

"Ningesema nini? Kwamba sikujui?" Akaniangalia shati. "Nilitaka sana."

Kwa hiyo ndoa ipo. Kwenye kikao alikuwa na sharti moja tu, kwamba baba wa bibi harusi asihusishwe na ukumbi, mpishi wala chakula, na mke wangu alikubali kabla sijafungua mdomo. Nimepewa maegesho ya magari. Nami nimeapa kwamba tukisafiri tena nitabeba mizigo, wengine wachague pa kula, na nikiulizwa maoni yangu nitasema nimeshiba.