Motokari ya Milango Miwili Imeniondoa Kwenye Kiti cha Mkwe Mkubwa

Admin, ficha jina langu na la mke wangu. Sura yangu hapa Kamina inajulikana vya kutosha.

Kwa moyo mzito ninawatangazia, ninyi nyote mnaofuata ukurasa huu, kwamba kiti cha mianzi kilicho mkono wa kuume wa baba-mkwe wangu, kiti nilichokikalia kila Jumapili kwa miaka kumi na tano, kimepata mkaaji mpya. Kura haikupigwa.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na tatu, karani katika ofisi moja hapa mjini, Mmethodisti, baba wa watoto wanne, mwenye baiskeli. Nilioa binti mkubwa wa mzee aliyestaafu kazi ya reli. Mimi njo mkwe wa kwanza. Kuku akichinjwa, firigisi ilikuwa inakuja kwenye sahani yangu bila mtu kuuliza. Kisha binti mdogo akaolewa na mfanyabiashara mmoja. Nitamwita Milango Miwili, kwa sababu ameleta motokari ya mbio kutoka Lubumbashi juu ya treni ya mizigo: nyekundu, milango miwili, viti viwili, tumbo lake linakwaruza mchanga wa barabara zetu kama mtu anayetambaa. Siku ya kuishusha, nusu ya mtaa ilikuwa stesheni. Mimi pia nilikuwepo. Nilikuwa ninapita tu.

Jumapili ya kwanza, uani kwa baba-mkwe, mke wangu aliizunguka motokari hiyo mara mbili. Akaweka kiganja juu ya mlango, akaupapasa polepole. "Eh, yaya! Iko laini sana!" Ndugu zangu, miaka kumi na tano ya ndoa, mimi sijapapaswa vile. Na kiti cha mianzi, pamoja na firigisi, vikaenda kwa Milango Miwili. Baba-mkwe akaniambia, "Weye unajua hii kitu, mutoto wangu, mugeni ya nyumba njo anakula firigisi." Mgeni! Kijana ana miaka mitatu ndani ya familia!

Mungu hakuniacha. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Milango Miwili akampandisha baba-mkwe, wakaondoka kwa kelele. Mama-mkwe akabaki barabarani na Biblia yake na mwavuli. Mnajua kwetu Baluba: mkwe na mama-mkwe hawakaribiani, hawashikani mkono, hata kula mbele yake ni aibu. Sasa kwenye viti viwili angekaa wapi, bega kwa bega na mume wa binti yake, goti karibu na mkono unaobadilisha gia? Akarudi kwa miguu. Mimi nyuma yake, hatua kumi na tano kama heshima inavyotaka, ninasukuma baiskeli yangu, moyo unaimba kuliko kwaya. Njo pale nikapata akili: nitanunua motokari ya mbio yenye kiti cha nyuma. Mama-mkwe atakaa nyuma, kwa heshima zote, na kiti changu cha mianzi kitarudi.

Nikamtafuta dalali mmoja anayeuza magari yaliyotumika. Kwa uwezo wangu, magari ya mbio yalikuwa mawili. La kwanza halikuwa na injini. "Lakini umbo, papa, angalia umbo!" akasema. La pili ni la rangi ya fedha, milango miwili, na nyuma kweli kuna kiti. Nikapiga gurudumu teke kama nilivyoona wengine wakifanya, nikatikisa kichwa. Sijui gurudumu lilipaswa kujibu nini. Watu wanne wakalisukuma, likawaka.

"Inaanza muzuri," dalali akasema.

"Inaanza na bantu bane," nikamjibu.

"Hapa Kamina bantu habakosekane, papa."

Nikaomba kujaribu kiti cha nyuma. Kwanza unakunja kiti cha mbele, unaingia kichwa chini kama mbuzi kwenye zizi. Magoti yangu yakafika karibu na masikio. Kutoka, dalali alinishika mikono miwili akanivuta. Mimi ni mwembamba. Mama-mkwe wangu, Mungu amzidishie, si mwembamba.

Nyumbani nikamweleza mke wangu. Akaweka sufuria chini.

"Mama akiingia mule, nani atamutosha inje? Weye? Utamushika mama yangu mikono, bantu baangalie?"

"Tutaita mtu."

"Na makuta iko ya nini?"

Anajua. Ni pesa zile za mabati ya paa, tulizoweka miaka miwili, kwa sababu mvua inanyeshea kitanda cha watoto. Akasema polepole, bila kukasirika, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha: "Ile makuta ikitoka, miye na batoto tunarudia kwa baba. Kule nyumba haivuje." Na kwa baba, mnajua ni nani anayefika kila Jumapili kwa kelele.

Nimelala siku tatu bila usingizi. Nikinunua, ninampoteza mke, lakini ninamkomesha yule kijana. Nisiponunua, nitabaki chini ya mabati mapya nikisikia injini yake inapita, na mke wangu anageuza shingo. Msiniambie hageuzi. Nimemwona. Anasema anaangalia vumbi.

Dalali amenipa hadi Jumamosi. Anasema kuna mwalimu mmoja analitaka pia. Wenye busara, wenye wakwe, hata ninyi wenye magari: niamue lipi, mabati ao motokari? Msinihurumie, niambieni wazi, matusi nitayasoma yote.

Na kabla mtu hajaniuliza: hapana, kuendesha sijui.