Mama Waya na Wifi Yake Stoo

Mtaani walimwita Mama Waya, naye jina alilipokea kwa moyo mweupe, kwa sababu kila aliporudi kazini mkoba wake ulikuwa na waya fulani unaochungulia kwenye zipu. Kazi yake ilikuwa mapokezi kwenye kliniki ya macho: kuandikisha wagonjwa, kupokea simu, kuwashika mkono waliotiwa dawa na wasioona vizuri mlango uko wapi. Lakini kilichomteka roho kilikuwa kile chumba kidogo nyuma ya meza yake, chenye mashine zinazounguruma. Mtandao ukigoma, fundi aliitwa kutoka nje, na Mama Waya alisimama nyuma ya bega lake na kumwuliza maswali mpaka jamaa akawa anakuja na majibu yameshatayarishwa.

Ofisi ya bima ya ghorofa ya juu ilipohama, iliacha kompyuta kuukuu kando ya ngazi. Mama Waya aliomba ruhusa, akaruhusiwa, akampigia mumewe, dereva wa gari la kusambaza mikate. Mume alikuja, akazibeba huku akihema, akazishusha nyumbani kwenye stoo iliyokuwa ya mafagio na ndoo. Mama Waya akaziunganisha, na stoo ikawa maabara yake. Nia yake haikuwa ya kujificha: alitaka kujua kazi hiyo kiasi cha kukabidhiwa mashine za kliniki.

Mashine alikuwa nazo. Tatizo lilikuwa programu. Zile zinazotumiwa na ofisi kubwa, zinazoifanya kompyuta moja ibebe nyingine kadhaa tumboni mwake, bei yake ilimfanya mtu aangalie pembeni. Aliweza tu kupata toleo la majaribio, nalo lilikuwa na mwisho. Siku zikiisha, kila alichojenga kilijifunga, naye akafuta, akaanza upya. Ilikuwa kama kufuma sweta ambalo kila likifika mabegani mtu anavuta uzi.

Rafiki wa mumewe, fundi simu mwenye kibanda jirani, alimwonea huruma.

"Shemeji, unajitesa bure. Nina nakala zilizovunjwa kufuli, nakupa zote kwenye flashi moja."

"Asante, shemeji, lakini baki nazo," alisema Mama Waya. "Siku nikiulizwa nilijifunzia wapi, nataka nijibu bila kumeza mate."

Mambo yakiwa hivyo, akahamia wifi yake. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mumewe, fundi wa mashela ya harusi, mwenye mdomo mkali na huruma nyingi kwa kipimo kilekile. Paa la nyumba yake lilikuwa linaezuliwa na kuezekwa upya, kwa hiyo alikuja na cherehani, pasi na mafurushi ya vitambaa vyeupe. Sehemu pekee ya kushonea ilikuwa stoo. Mama Waya alikunja uso moyoni, usoni akatabasamu. Kuanzia hapo ukuta mmoja ulijaa mashela na wa pili vitaa vya kijani vinavyomulika.

Siku za mwanzo zilikuwa vurugu tupu. Mume alikuwa sebuleni akiangalia mpira kwenye simu, picha ikaganda, akapaza sauti: "Wifi imekatika!"

"Nimekatika wapi?" dada yake akajibu kutoka stoo. "Mimi niko hapa nashona."

Walicheka mpaka watoto wakaingia kutoka nje kuuliza kuna nini. Tangu siku hiyo ile ya hewani iliitwa mtandao, na wifi akabaki mmoja nyumba nzima.

Kukaa bega kwa bega kulileta mazungumzo. Wifi hakuwa mtu wa kunyamaza karibu na kitu asichokielewa.

"Hivi wewe na haya madude mnaongea nini kutwa?"

Mama Waya akamwonesha. Ndani ya hii moja, alisema, kuna tano nyingine. Hazishikiki kwa mkono, lakini zinafanya kazi kama kompyuta kamili, na kila moja inajiona iko peke yake.

"Kumbe wapangaji," alisema wifi. "Nyumba moja, hawasalimiani."

Mama Waya alikuwa amesoma kurasa na kurasa kuhusu jambo hilo, na hakuwahi kuliona limekaa vizuri hivyo.

Wakati huo daktari mkuu wa kliniki alikuwa amemwahidi kuangalia alichojifunza. Mama Waya akajenga mfumo unaofanana na wa kliniki: mashine moja inafanya kazi, ya pili inasubiri, ya kwanza ikifa ya pili inashika usukani. Alikuwa amekaribia kumaliza, Jumapili mchana, kioo cha kompyuta kilipomwandikia kwamba muda wa majaribio umekwisha. Aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, mikono mapajani.

Wifi akaweka mkasi chini. "Kuna msiba?"

"Muda umeisha."

"Muda wa nani?"

Mama Waya akaeleza. Kuna chama cha watumiaji wa programu hizo, alisema, na kina malipo ya mwaka kwa wanaojifunzia nyumbani: unalipa mara moja, unatumia programu zote mwaka mzima, mradi usizifanyie biashara. Ni nafuu sana kuliko kununua. Ila kwa mshahara wa mapokezi, na ada za watoto ndiyo kwanza zimelipwa, bado ulikuwa mlima.

"Umewauliza bei?"

"Bei imeandikwa, wifi."

"Sijasema imeandikwa. Nimesema, umewauliza?"

"Hawa si watu wa sokoni."

"Anayeuza yeyote ni mtu wa sokoni. Andika, mimi nasema."

Basi barua pepe ikaandikwa, wifi akitoa maneno huku pini zimejaa midomoni. Waambie habari za kazi. Waambie kuhusu stoo, na mashela usiyaache. Waambie bei yao hatuidharau ila haitufikii, kama kuna njia nyingine watuoneshe. Waulize na watoto, hawajambo?

"Wifi, hiki ni chama."

"Anayesoma ni mtu."

Mama Waya alibishana, akashindwa, akatuma.

Jibu lilimkuta kazini, mezani pake. Alilisoma akarudia, mpaka mgonjwa aliyetiwa dawa ya macho akamwuliza kwa upole kama anacheka au analia, maana yeye anaona ukungu tu. Chama kilisema hakipunguzii mtu mmoja mmoja. Lakini anayeanzisha kikundi cha kujifunza mtaani kwake, akakutana na wenzake kila mwezi, hupewa uanachama wa mwaka bila malipo, na wenzake hulipa bei ya wanafunzi. Aliyejibu aliongeza mstari chini: msalimie fundi wa mashela, na watoto wangu hawajambo.

Jioni wifi akasomewa jibu hilo. Alikata uzi kwa meno, akauliza viti vitatosha kweli.

Mama Waya akaandikisha kikundi, programu zikafunguka, akaujenga mfumo wake upya. Jumamosi ya mkutano wa kwanza mume aliazima viti kwa majirani, na mashine na cherehani vikahamishiwa sebuleni. Wifi alikuwa amewatangazia wateja wake wote, na maharusi wakawatuma kaka zao. Alikuja mwalimu wa sayansi mstaafu, akaja muuza dawa wa duka la kona, na fundi simu naye akaja, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango.

Mama Waya hakuwahi kusimama mbele ya watu. Akawa anasoma kutoka kwenye karatasi kama mtu anayetangaza kifo.

"Wifi," ikasikika sauti kutoka kwenye cherehani, "waambie ile ya wapangaji."

Akacheka, na kicheko kikamfungua. Aliwaeleza nyumba, wapangaji, vyumba. Kisha akafungua ukurasa kwenye kioo, akainama, akachomoa umeme wa mashine ya kwanza mbele ya macho yao. Ukurasa ukabaki palepale. Mashine ya pili ilikuwa imeshika kazi.

Mwalimu mstaafu akasimama. "Rudia," alisema.

Alirudia. Halafu kila mmoja akataka kuua kompyuta kwa mkono wake mwenyewe, wakapanga foleni sebuleni kama watoto kwenye bembea. Fundi simu alichomoa, akakodoa macho kwenye kioo, akarudi mwisho wa foleni ili achomoe tena.

Daktari mkuu naye alioneshwa mfumo huo kule kliniki, na Mama Waya akawekwa kuwa msaidizi wa yule fundi wa nje. Sasa ana meza ndani ya kile chumba kinachounguruma, na bado huwashika mkono wagonjwa akiwa njiani kwenda kula.

Paa la wifi liliisha, akarudi kwake, lakini Jumamosi ya kikundi ikifika yupo. Vipimo vya wateja wake anavitunza kwenye kompyuta yake, kwa programu ya bure aliyowekewa na Mama Waya, kwa kuwa zile za chama ni za kujifunzia tu. Kikundi kimeizidi sebule, kikaomba ukumbi wa shule ya msingi. Wifi alipoingia mara ya kwanza aliyaangalia mapazia, akaguna, akatoa futi mfukoni na kupanda juu ya dawati kupima madirisha.