Sindano Zilimponya Mguu, Zikamnyang'anya Masikio

Saa moja asubuhi, gereji ndiyo kwanza inafunguliwa. Fundi ameinua boneti ya pikapu ya muuza mbao, ameiwasha, na sasa ameinamia injini akiwa na bisibisi ndefu mkononi. Ncha ya chuma anaigusisha kwenye injini. Mpini wa mbao anautia mdomoni, anauuma kwa magego, kisha anafumba macho.

Muuza mbao anamtazama, anatazama pembeni, anamtazama tena. Mwishowe anamgeukia mwandishi wa makala haya.

"Huyu mzee yuko sawa kweli?"

Yuko sawa. Anatafuta kwa meno kile ambacho masikio yake hayampi tena. Mtetemo wa injini unapanda na chuma hadi kwenye taya, na kutokana na mtetemo huo anabahatisha ugonjwa wa gari. Mwandishi naye aliomba kujaribu. Hakuambulia kitu zaidi ya ladha ya grisi.

Hapa gereji wote wanamwita Sikio. Jina hilo alipewa ujanani, alipokuwa akiweka mpini wa bisibisi sikioni na kutaja kilichoharibika kabla hajafungua hata nati moja. Mafundi wengi hufanya hivyo, lakini yeye alikuwa hakosei. Wateja walikuwa wakizipita gereji tatu nne njiani ili wamfikie yeye.

Jina amebaki nalo. Sikio la kulia limekufa kabisa, na la kushoto linapata mngurumo tu, "kama mtu anayesogeza kabati nyumba ya jirani," anasema, kwa sauti kubwa kupita kiasi, kwa kuwa haisikii sauti yake mwenyewe. Maswali ya mwandishi yanaandikwa kwa kalamu nene nyuma ya boksi la vipuri. Mengine anaulizwa na mkewe, anayesimama mbele yake na kutamka polepole ili ayasome midomoni.

"Zamani nikinung'unika jikoni, ananijibu akiwa uani," anasema mkewe. "Siku hizi namsema mbele ya uso wake, na yeye anatabasamu tu. Nimekosa hata wa kugombana naye."

Anacheka, halafu anageuka na kufuta macho kwa ncha ya kanga.

Yote yalianzia mguuni. Miaka mitano iliyopita gia boksi ilimponyoka ikamkata muundi, na kidonda kikaoza. Hospitali ikamwandikia sindano za kila siku, na mguu ukapona. Leo anatembea vizuri bila fimbo, na jambo hilo halifichi wala halidharau.

"Daktari aliniokoa mguu. Yule sina neno naye, namheshimu mpaka kesho."

Lakini kabla dozi haijaisha, kitu kilianza kulia ndani ya kichwa, mlio mwembamba usiokoma. Alimwambia muuguzi. Muuguzi hakupuuza: alifungua boksi la dawa mbele yake, akatoa karatasi ya maelezo na kuisoma yote, mstari kwa mstari, akifuata kwa kidole. Palikuwa na kichefuchefu, vipele na kizunguzungu. Masikio hayakutajwa popote. Basi wakaendelea na sindano.

Mlio ulipokoma, fundi alifurahi. Hakujua kwamba umeondoka pamoja na sauti nyingine zote ndogondogo.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo hadi leo linamkosesha raha. Mkunga mmoja, mteja wake wa miaka mingi, alileta gari lililokuwa likigonga ndani ya injini. Fundi aliweka bisibisi sikioni kama kawaida. Kimya. Akazungukia upande wa pili. Kimya. Akamwambia limepona, aende zake.

"Wiki ile magari yote yalikuwa mazima," anasimulia. "Nilijiona nimeiva, mpaka magari yananiogopa, yanapona yenyewe yakiniona."

Injini ya mkunga ilikufa ghafla katikati ya barabara, na lori lililokuwa nyuma yake lilikwepa kwa bahati tu. Mkunga hakuumia. Alirudi gereji kwa miguu, akiwa amefura, akamfokea fundi mbele ya watu. Fundi aliona mdomo wake ukifunguka na kufumbika, lakini alichosikia ni mngurumo tu. Ndipo alipojua.

Siku hizi anapokea magari matatu kwa wiki. Zamani yalikuwa zaidi ya kumi.

Wakili wake, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi, anawatetea wagonjwa thelathini na mmoja waliochomwa dawa hiyohiyo na kupoteza usikivu. Madai yao ni mepesi kueleweka: karatasi za zamani za dawa hiyo zilikuwa na onyo kuhusu masikio, na zile mpya zikaja bila onyo. Wanadai kampuni iliyoitengeneza ilijua madhara hayo na ikaliondoa onyo kusudi. Kesi ya fundi imechaguliwa isikilizwe kwanza. Ikianguka, wengine thelathini hawana pa kushika.

Kampuni inakana. Msemaji wake alikataa kuzungumza na gazeti hili kwa kuwa shauri liko mahakamani, ila utetezi wao unajulikana: mtu aliyezeekea gereji ameuliwa masikio na kelele za gereji.

"Wananiuliza cheti cha kuonyesha nilikuwa nasikia," anasema fundi. "Nani anaenda kupimwa sikio zima?"

Wakili akaona njia moja tu. Wale waliokula kelele hizohizo pamoja naye wapimwe masikio. Na wa kwanza awe Nyundo, fundi bodi, ambaye kwa miaka ishirini amekuwa akinyoosha mabati hatua chache kutoka mahali fundi anapofungulia injini. Ikiwa kuna mtu wa kuzibwa masikio na gereji hii, ni yeye.

Nyundo alikataa. Alikataa mara ya pili. Mara ya tatu akaacha kuja gereji kabisa, akasingizia homa.

"Watu walisema simpendi mwenzangu," anasema, akigeuzageuza kofia mkononi. "Mimi nilikuwa naogopa. Nikipimwa nikaonekana kiziwi, si nimemzika kaka yangu mwenyewe? Nimemzika yeye na wale thelathini."

Aliyemtoa ndani ni fundi mwenyewe. Alimfuata nyumbani, akaketi naye, akamwambia maneno ambayo Nyundo anayarudia kwa shida: kama kweli ni gereji iliyomharibu, basi hataki kushinda kwa uongo.

Nyundo akaenda. Akaingizwa kwenye chumba kidogo, akavishwa vifaa vya kusikilizia, akaambiwa anyooshe mkono kila anaposikia mlio. Alinyoosha, akanyoosha tena. Masikio yake yamechoka kidogo, mpimaji alisema, lakini yanasikia vizuri kwa umri wake. Mafundi wengine wanne wakamfuata. Wote wanasikia.

"Nilitoka nje nikalia, mtu mzima na ndevu zangu," anasema Nyundo. "Nilifurahi kwa ajili yake. Halafu nikaona aibu kwamba mimi nasikia."

Majibu hayo yalipofikishwa upande wa pili, kampuni ilileta pendekezo la kumalizana nje ya mahakama: fidia inayozidi kipato cha fundi cha miaka kadhaa, kwa sharti kwamba hatazungumzia dawa hiyo tena popote. Mkewe anakiri kwamba siku mbili hakupata usingizi akiiwazia. Paa linavuja na wana mtoto chuoni. Lakini hakumshawishi mumewe.

"Wamekwisha kumnyang'anya masikio," anasema. "Sasa wanataka na mdomo?"

Fundi amekataa. Wiki ijayo, mwanasayansi mkuu wa kampuni atasimama kizimbani kuulizwa swali ambalo wote thelathini na mmoja wanalisubiri: je, mlijua?

Kitu kimoja tu fundi amemwomba wakili wake, nacho kimekubaliwa na mahakama. Mdai huketi nyuma ya wakili, mahali ambapo humwona shahidi upande wa shavu. Yeye atawekewa kiti uso kwa uso na shahidi.

Kila jioni, baada ya kunawa grisi, anaketi sebuleni na mkewe mbele yake. Mkewe anachagua jibu moja kati ya mawili na kulitamka bila kutoa sauti: "Tulijua." Au: "Hatukujua." Fundi anakazia macho midomo yake na kusema ni lipi.

"Sijakosea hata mara moja," anasema. "Nataka jibu hilo nilipate mwenyewe, nisisubiri kuandikiwa."